Kisanduku Chenye Mwandiko Wangu

Columbia, Maryland
Jumapili, 18 Januari 2026

Mpendwa Shangazi Chepkirui,

Pokea salamu zangu na za Lorraine. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limekupa nafasi ya kutembea hadi zizini na kurudi bila kushika ukuta. Mzee Kipchumba je? Ameacha kutia sukari chai akidhani humwoni? Na ng'ombe wanakamuliwa vipi kiangazi hiki? Nimesikia kwamba Kapsabet majani yamekauka mapema.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Theluji ilianguka juzi, shule zikafungwa, na Lorraine akalala hadi saa sita mchana. Amekua, Shangazi. Amenipita kwa urefu wa kidole. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini najua anasikia kila neno, hata yale ambayo sikutaka ayasikie.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu sauti yangu inakatika, na kwa sababu najua wewe husikiliza simu sebuleni na nyumba nzima husikiliza nawe. Barua hii ameibeba Gitau, tunayesali naye, anayekuja Nairobi kumwoza dada yake. Nakuomba uisome peke yako kwanza. Baada ya hapo msomee umtakaye.

Mwezi wa Novemba ulinitumia ujumbe wa sauti. Ulisema, "Jepkosgei, wewe ndiwe uliyempofusha mzee wa watu. Usimtwishe mwanangu mzigo wako." Sikukujibu. Siku ya mwaka mpya ukatuma mwingine, wa sauti ya chini zaidi, na huo ndio ulionikalisha hapa mezani. Nitaufikia. Kwanza nikueleze yaliyotokea tangu mwanzo, kwa sababu naona umeelezwa kuanzia mwisho.

Mzee mwenyewe anaitwa Mark. Ana miaka sabini na tisa, anaishi nje kidogo ya Upper Marlboro, na kabla ya kustaafu alikuwa mpima ardhi. Kampuni ninayofanyia kazi ilinipeleka kwake miaka minne iliyopita nimsaidie kuoga, dawa na chakula, kwa sababu mikono yake inatetemeka. Wao huniita Edna, jina la ubatizo, kwa kuwa Jepkosgei huwashinda.

Asubuhi moja nilimkuta chumba cha nyuma, amekaa mbele ya meza yenye mtambo wa chuma, chembe za baruti zimemwagika kila mahali, na mzee analia. Alikuwa akijaribu kujaza risasi zake mwenyewe kama alivyofanya miaka hamsini, na mikono imekataa. Nikafagia. Nikamwambia, "Niambie niweke nini wapi. Mikono yangu haitetemeki." Ndivyo nilivyoingia katika kazi hii, Shangazi. Sikuitafuta.

Najua umeambiwa kwamba Jepkosgei anatengeneza risasi, na najua neno hilo kwetu lina harufu gani. Kwetu mwenye kushika risasi ni askari au ni mwizi wa ng'ombe. Huku ni halali mtu kujaza risasi zake za kuwindia, ilimradi hauzi, na wazee wengi hufanya hivyo kama mtu anayejishonea shati.

Mark huwinda kulungu huko Ohio, kwenye shamba la ukoo wao, wiki moja kila mwaka. Sheria ya huko haitaki rifle ya risasi yoyote tu. Inataka ile ambayo ganda lake limenyooka kutoka kitako hadi mdomo, kama kipande cha mwanzi. Risasi nyingi nyingine za rifle zina mabega na shingo kama chupa ya soda, nazo huruka mbali mno, na nchi ya Ohio ni tambarare, nyumba za watu zimetawanyika katikati ya mashamba ya mahindi. Hii iliyonyooka kichwa chake ni kizito na mwendo wake wa pole. Huinama mapema na kuangukia udongoni.

Ukishapiga, ganda la shaba hubaki. Unaliosha, unalirudisha umbo kwa mtambo, unapanua mdomo wake kidogo, unatia kitakoni fataki mpya ya kuwasha baruti. Halafu unapima baruti kwa mizani inayojua uzito wa punje ya mtama, unaimimina, unakalisha kichwa juu yake na kuubana mdomo. Ukikosea hapo, kosa linakungoja ndani ya shaba, halionekani.

Bunduki ya Mark ilikuwa ya babu yake, imepita miaka mia, na chuma chake ni laini kwa siku hizi. Siku hizi wanatengeneza bunduki mpya zinazotumia risasi ileile, chuma chake kigumu, zinazostahimili baruti nyingi zaidi. Ganda moja linaingia zote mbili. Kwa hiyo risasi iliyojazwa kwa ajili ya bunduki mpya inaweza kuipasua ya zamani. Hilo Mark aliniambia siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Nilimwekea risasi zake kwenye kisanduku cheupe na kifunikoni nikaandika kwa kalamu nzito: *Kwa bunduki ya babu peke yake. Baruti kidogo. Edna.* Niliandika kwa Kiingereza, ila neno moja aliniomba niliongeze kwa Kiswahili, kwa sababu alilipenda: *Taratibu.*

Nilikuja kuipenda kazi ile. Nilikaa darasani miaka kumi nikifundisha ngeli kwa watoto waliokuwa wakichungulia dirishani, na hakuna siku niliyosikilizwa kama ile mizani ilivyonisikiliza. Nilisoma kozi ya uwindaji, nikapata kibali, na mwaka wa pili nikamwangusha kulungu wangu wa kwanza kwa bunduki ileile ya babu. Nyama niliipeleka kanisani, tukaipika na vitunguu na nyanya, watu wakasema ni mbuzi aliyesoma.

Sasa nifike kwa Kimutai.

Hakuna haja ya kukuambia nilivyompenda mwanao. Mama alipofariki nikiwa darasa la tatu, wewe ulinichukua, na mwaka huo huo Kimutai akazaliwa. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni ulipokwenda zamu hospitalini. Alipopata green card mwaka 2019, ni mimi niliyempokea uwanja wa ndege, na alikaa na sisi, chumba cha chini, miaka mitatu. Lorraine alikuwa akimwita *uncle* kabla hajajifunza kufunga viatu vizuri. Nasema haya ili ujue aliyefanya yaliyofanyika hakuwa mgeni.

Alitaka kwenda kuwinda nasi, nikampeleka kwa Mark. Mzee akamfundisha kwenye meza ileile. Kimutai ni mwepesi wa kushika, ila hana subira. Alilalamika kwamba risasi yetu inakwenda kama mkokoteni, inainama kabla ya kufika mbali. Kila mara alitaka kuongeza baruti. Mark alimwambia, "Ukitaka mbio nunua farasi," tukacheka wote. Baadaye Kimutai alinunua bunduki yake mpya ya risasi ileile, na mtambo wake, akawa anajaza kwake Bladensburg. Alivyopima huko sikuwahi kumwuliza. Alikuwa mtu mzima.

Jumamosi ya tarehe 18 Oktoba nilikuwa nimpeleke Mark uwanja wa kulengea shabaha, ajaribu bunduki kabla ya safari ya Ohio. Akiiegemeza juu ya mfuko wa mchanga mikono hutulia. Mwenzangu wa kazi akaugua, nikaitwa kushika zamu yake. Kimutai akasema, "Usijali dada, nitampeleka mimi." Nilimshukuru. Nilimwambia kisanduku cheupe kiko rafuni chumba cha nyuma, nilikijaza Jumapili iliyopita, ishirini kamili.

Saa tano asubuhi akanipigia. Alikuwa akipumua kama mtu aliyekimbia. "Bunduki imepasuka. Mark ameumia uso. Njoo hospitali."

Nilimkuta bintiye Mark, Bridget, amesimama kwenye korido na koti la kazini. Madaktari walikuwa wamemwambia kwamba jicho la kulia limekwenda na mfupa wa shavu umevunjika, na wamemtia mrija kooni ili apumue. Kando yake alisimama msimamizi wa uwanja wa shabaha, mkononi ameshika kisanduku cheupe. Kilikuwa kitupu. Bridget alikuwa amesoma kifuniko.

"Nani alizijaza hizi?" akauliza.

Kimutai alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki. Alitazama viatu vyake.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mwandiko wangu."

Hakuinua kichwa, Shangazi. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko nilivyorudia sala ya Bwana. Nilisema ni mimi, na yeye, akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, akijua kwamba si mimi, hakuinua kichwa.

Wakati ule sikujua. Nilijua tu kile ambacho kila mwenye kujaza risasi hizi anakiogopa. Ganda letu lina nafasi kubwa ndani, na kipimo cha bunduki ya babu hakijazi hata nusu yake. Unaweza kumimina mara mbili usione. Ndiyo maana kabla ya kukalisha vichwa nilikuwa nawasha tochi na kuchungulia ganda moja baada ya jingine. Nikajaribu kukumbuka Jumapili ile. Nilikumbuka Lorraine alinipigia simu katikati ya kazi akitaka kujua chumvi iko wapi. Nilichungulia yote ishirini au kumi na tisa? Kadiri nilivyokumbuka ndivyo ganda la ishirini lilivyozidi kuwa na giza. Siku ya tatu nilikuwa na hakika kwamba nimempofusha mzee kwa mikono niliyomsifia kwamba haitetemeki.

Kampuni ilinisimamisha kazi. Bodi ya vyeti vya kazi yetu ikaniandikia kwamba inachunguza kama nimemdhuru mgonjwa aliye chini ya uangalizi wangu. Ukipatikana na hatia hiyo huku, humwogeshi tena hata mtoto wa jirani. Bridget alikataza nisikanyage hospitali. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Na Kimutai alikuja. Kila jioni akitoka ofisini alipitia kwangu, ameshika maziwa na mkate. Alikaa kwenye kochi, akachukua mkono wangu katikati ya viganja vyake viwili, akaniambia, "Kila mtu hukosea, dada. Mungu anaujua moyo wako." Alinishauri niandike maelezo ya kukiri mapema. "Ukikubali mwenyewe wanakuonea huruma. Ukibishana wanakuvunja." Tukayaandika pamoja. Pale nilipoandika kwamba sina uhakika, alinishauri niondoe, nikaondoa. Nikatia sahihi.

Jumapili iliyofuata alisimama kanisani mbele ya Mchungaji Simiyu na watu wote, akaomba kanisa limwombee dada yake Jepkosgei kwa kosa lililomtokea, na wasimhukumu. Akina mama walikuja kunikumbatia. Nilimshukuru Kimutai nje, kando ya magari. Nilimwambia, "Usingekuwapo sijui ningekuwaje." Akanijibu, "Ndugu ni wa nini?"

Mtu wa pekee aliyekataa ni Lorraine. Aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba mama yake huchungulia sufuria mara mbili hata kama ni maji, hivyo haiwezekani. Nikamkemea. Nilimwambia asimfunze mtu mzima kukimbia kosa lake.

Mtambo wa pili, ambao Mark alikuwa amenipa nikae nao nyumbani, niliufungua skrubu moja moja, nikautupia nyuma ya gari. Nikaacha kuendesha barabara kubwa. Lorraine alipokohoa nilipima dawa yake mara tatu na bado nikamwamsha nimwangalie anavyopumua. Hivyo ndivyo nilivyoishi wiki tatu.

Tarehe 8 Novemba Bridget akanipigia. Nilidhani mzee amefariki. Akasema, "Wametoa mrija jana. Hajataka chakula wala mimi. Anakutaka wewe. Njoo."

Mark alikuwa amefungwa bendeji nusu ya uso, amepungua hata shingo inacheza ndani ya nguo. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaanza kuomba radhi. Akatikisa mkono wake ule unaotetemeka, ninyamaze. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inakwaruzwa.

"Edna, ulizituma risasi kwa mfuko?"

Sikuelewa. "Mfuko gani? Nilizipanga kwenye kisanduku, kwako, mbele yako. Ishirini."

"Basi nilifikiri vizuri," akasema. "Tulipofika uwanjani, ndani ya gari, kisanduku kilikuwa kitupu. Nilimwona Kimutai akitoa risasi mfukoni mwa koti na kuzipanga humo. Nikamwuliza ni za nani. Akaniambia ni za Edna, amezileta kwa mfuko. Nikamwamini kwa sababu ni ndugu yako."

Bridget alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Aliniambia, "Nilikuwa nimekuandalia maneno mengine wiki hizi tatu. Samahani." Nilipaswa kufurahi, Shangazi. Nilikuwa nimefutiwa hatia. Badala yake nilihisi kama mtu aliyeambiwa kuna msiba wa pili nyumbani.

Nilikwenda Bladensburg kutoka pale pale, kwa barabara kubwa, bila kuogopa. Kimutai alifungua mlango akatabasamu. Akaona uso wangu, akaacha kutabasamu.

"Mark ameongea," nikasema.

Alikaa. Akanieleza yote, wala sikumlazimisha. Alhamisi ile alikuwa amepita kwa Mark kumpelekea dawa kwa niaba yangu, akazichukua zile ishirini za kisanduku, akaenda kuzipiga kwa bunduki yake baada ya kazi kwa kuwa zake zilikuwa chache. Alikusudia kurudisha nyingine kama zile. Jumamosi ikafika hajarudisha. Akaona haya kumwambia mzee. Akachukua zake mwenyewe, alizozijaza hadi mwisho kwa ajili ya chuma kigumu, akazitia ndani ya kisanduku chenye mwandiko wangu. "Nilidhani itahimili risasi mbili tatu," akasema. Ilipasuka kwa ya kwanza. Zilizobaki alizitia mfukoni kabla ya msimamizi kufika, na akaziangusha mtoni akirudi nyumbani.

Nilimwuliza, "Na kwangu? Jioni zote zile?"

"Interview yangu ya uraia ilikuwa Desemba, dada. Ningesemaje? Wewe tayari ni raia. Wewe hawawezi kukufukuza."

"Wangenifukuza kazi yangu. Wangenifukuza kwangu mwenyewe. Nilikuwa silali, Kimutai, na wewe ulikuwa unanishika mkono."

"Nilikuwa nakuombea kweli," akasema, na akalia. Na jambo baya zaidi ni kwamba namwamini. Nadhani aliniombea kweli.

Shangazi, kosa la kwanza ningelisamehe kabla sijaondoka mlangoni. Kuchukua risasi za mzee, kuona haya, kudhani itahimili, huo ni upumbavu, na mimi nimemlea mtoto, naujua upumbavu. Hata uoga wa siku ile hospitalini ningeumeza. Lakini aliniona nikizama, akaingia majini akasimama kando yangu, akawa ananifuta uso huku ameukanyaga mguu wangu. Nimezunguka sana nikitafuta jina la jambo hilo, mimi niliyefundisha lugha, na sijalipata zaidi ya lile la kawaida. Alinisaliti.

Nilirudi kwa bodi nikaondoa maelezo yangu, nikaandika mengine, ya kweli. Mark na Bridget wakaandika yao. Nilimpa Kimutai siku tatu aandike yake mwenyewe, ili yasionekane yamenyofolewa. Aliandika siku ya nne. Tarehe 6 mwezi huu nimepata barua kwamba faili langu limefungwa, na Jumatatu iliyopita nimerudi kwa Mark. Ameomba mwenyewe. Bado hatujaketi kwenye ile meza. Namkatia nyama vipande vidogo kwa sababu kwa jicho moja anakosea umbali wa sahani, na analichukulia jambo hilo kwa mzaha kuliko mimi. Ohio hatukwenda mwaka huu.

Kuhusu Kimutai, interview yake imeahirishwa, wameomba karatasi zaidi. Bridget ana wakili. Nimeambiwa huenda nikaitwa shahidi.

Hapo ndipo inapoingia ile sauti yako ya mwaka mpya. Nimeisikiliza mara moja tu, tofauti na ile ya kwanza. Ulisema, "Jepkosgei mama, hata kama ni yeye, wewe ni mkubwa na una uraia. Wewe watakuonya tu. Rudi useme ulikosea ulipokumbuka. Nilikulea wakati hukuwa na mtu." Hukusema kwa ukali. Ulisema kama ulivyokuwa ukiniomba nikateke maji.

Ni kweli ulinilea. Sijasahau uji wako wala usiku wa surua. Kila kitu nilichokifanya kizuri nilikifanya nikifikiria utasemaje ukikisikia. Kwa hiyo fahamu kwamba neno hili sijawahi kukuambia tangu nilipokuwa darasa la tatu, na mkono unaniuma kuliandika. Hapana, Shangazi. Sitarudi kusema uongo. Sitaongeza chumvi juu ya aliyoyafanya mwanao, na wakiniuliza kama ni mtu mbaya nitasema si mtu mbaya. Lakini wakiniuliza nani alizijaza zile risasi, nitawaambia.

Na iliniuma, nikuambie tu, kwamba ulijua. Novemba hukujua, ulikuwa umedanganywa kama mimi. Mwaka mpya ulijua, na bado uliniomba. Nililia kwa ajili ya hilo kuliko nilivyolia Bladensburg.

Jumapili iliyopita baada ya ibada Kimutai alikuja hapa na Mchungaji Simiyu. Niliwapikia chai, ya maziwa, ya kwetu. Lorraine alikataa kutoka chumbani. Mchungaji akaomba, akaeleza kwamba kaka amekuja kutengeneza mambo na dada yake, akampa nafasi. Kimutai akasimama. Alikuwa amevaa suti ile niliyomnunulia ya kuanzia kazi.

"Dada," akasema, "kama nilikukosea, naomba unisamehe."

Mchungaji akaitikia amina, akanigeukia na uso wa mtu aliyemaliza safari.

Nikamwambia Kimutai, "Ondoa hiyo *kama*."

Akanitazama.

"Sentensi yako ni nzuri," nikasema. "Iondolee *kama*, uiseme tena, na mimi nitasimama nikukumbatie mbele ya mchungaji leo hii."

Alifungua mdomo. Nilimwona akiitafuta njia. Mchungaji alisema kwa upole kwamba neno ni dogo, tusilifanye kubwa. Nikamwambia, "Ni dogo, Mchungaji, ndiyo maana namwomba aliondoe." Tulikaa hivyo hadi chai ikafanya utando juu. Kisha Kimutai akachukua koti lake, akasema ana kazi asubuhi, wakaondoka.

Sikumfuata. Nilisimama dirishani nikawaona wakikwangua barafu kwenye kioo cha gari, mchungaji upande mmoja, yeye upande mwingine, hawasemeshani.

Nisalimie Mzee Kipchumba, mwambie sijasahau ile redio niliyomwahidi. Wasalimie majirani wa upande wa kisima, na yule ng'ombe wa madoa kama bado yupo. Mungu akutunze, akupe mvua kwa wakati wake na goti lisilouma, na akupe nguvu ya kuwapenda watoto wako wawili bila kumzika mmoja ili kumwokoa mwingine.

Kimutai akikupigia, usimgombeze. Amegombezwa na nafsi yake vya kutosha, hilo naliona. Mwambie tu kwamba mimi niko hapa hapa Columbia, namba ya mlango haijabadilika, na kwamba sihitaji aje na mchungaji, wala maziwa, wala mkate. Aje na ile sentensi, imepungua neno moja.

Mimi mwanao, ninayekupenda hata katika hapana yangu,

Jepkosgei